PS5 haishuki bei: Mabanda ya gemu Bariadi yabaki na PS4 au yahamie kompyuta?

Kwa zaidi ya miaka 20, wenye mabanda ya gemu katika miji midogo ya Tanzania walikuwa na kanuni moja rahisi: subiri. Mashine mpya ikitoka ni ya wenye hela. Ukisubiri miaka minne au mitano inashuka bei, walioinunua wanaiuza ili wachukue mpya, mtumba unaingia Dar es Salaam na Mwanza, na hatimaye unafika Bariadi kwa bei ambayo kijana aliyeuza pamba msimu mmoja anaweza kuigusa.

Safari hii kanuni imegoma. PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499 za Marekani. Agosti 2025, ikikaribia kutimiza miaka mitano, Sony iliipandisha bei hukohuko Marekani hadi dola 549.99. Yaani mashine imezeeka na bei imepanda.

Kwa anayecheza nyumbani kwake Dar, hiyo ni habari ya kuudhi tu. Kwa mwenye banda Bariadi, Maswa au Mwanhuzi, ni suala la mtaji. Lazima aamue: aendelee kuikarabati PS4 yake, ajitose kwenye PS5, au hela hiyohiyo aiweke kwenye kompyuta?

Zamani ilikuwaje

PlayStation 2 ndiyo iliyofungua mabanda mengi. Iliingia Marekani Oktoba 2000 kwa dola 299. Mwaka 2004 ilikuwa dola 149, na 2009 ikafika dola 99. Sony iliuza zaidi ya mashine milioni 155 duniani kabla ya kusimamisha uzalishaji mwanzoni mwa 2013. Mzigo mkubwa kiasi hicho lazima uzae mtumba, na mtumba ndio uliofika mikoani.

Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa rasmi Machi 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, PS2 ilikuwa tayari na miaka 12 sokoni. Lakini bado ilikuwa inatengenezewa gemu mpya. Konami walitoa PES 2014 kwa ajili ya PS2 Novemba 2013, na EA Sports walitoa FIFA 14 kwa mashine hiyohiyo. Banda lenye PS2 lilikuwa halijapitwa na wakati.

PS3, iliyotoka 2006, ilipata FIFA yake ya mwisho Septemba 2018, ambayo ni FIFA 19. PS4 ilitoka Novemba 2013 kwa dola 399 na kufikia 2016 ilikuwa dola 299. Hadi Septemba 2025 EA Sports walikuwa bado wanaipa mpira mpya, FC 26, karibu miaka 12 tangu izaliwe.

Hapo kuna jambo ambalo watu wengi hawaliangalii. Umri wa mashine ndani ya banda hauamuliwi na Sony peke yao. Unaamuliwa na gemu la mpira. Mteja wa Bariadi anakuja kucheza mechi, anataka timu yake iwe na wachezaji wa msimu huu. Siku mpira ukiacha kutoka kwa mashine fulani, banda linaanza kupoteza wateja polepole, hata kama mashine yenyewe ni nzima.

Kwa nini bei haishuki tena

Mashine za gemu zilikuwa zinashuka bei kwa sababu chipu za ndani zilikuwa zinapungua ukubwa na gharama kila baada ya miaka michache. Chipu ndogo inakula umeme kidogo, haichemki sana, haihitaji feni kubwa, na kiwanda kinatoa nyingi zaidi kutoka kwenye malighafi ileile. Ndiyo maana kulikuwa na PS2 nyembamba mwaka 2004 na PS4 nyembamba mwaka 2016, zote zikiwa na bei nafuu kuliko zilizotangulia.

Kwenye PS5 njia hiyo imebana. Sony waliipunguza chipu yake mwaka 2022, lakini bei haikushuka. Teknolojia ya kutengeneza chipu ndogo zaidi imekuwa ghali kiasi kwamba upunguzaji hauleti nafuu iliyozoeleka.

Juu ya hapo, mwaka 2025 Marekani iliongeza ushuru kwa bidhaa nyingi kutoka nje. Kisha mwishoni mwa mwaka huo bei ya memori za kompyuta, yaani RAM, ikaruka duniani kote, kwa sababu makampuni ya akili mnemba yananunua memori kwa wingi kwa ajili ya vituo vyao vya data. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara ya kuuza RAM kwa watu wa kawaida chini ya jina la Crucial ili ijikite kwa wateja wakubwa.

Sony hawako peke yao. Xbox Series X ya Microsoft ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499. Oktoba 2025 ilikuwa dola 649.99. PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 699.99, ilipandishwa Agosti 2025 hadi dola 749.99, na hiyo ni bila sehemu ya kuweka CD.

Kwa hiyo anayesubiri PS5 ifike bei ya PS2 ya mwaka 2009 anasubiri kitu ambacho hakuna dalili kwamba kinakuja.

Hesabu ya banda moja

Tuchukue bei ya Marekani ya Agosti 2025, dola 549.99, na kiwango cha Sh2,500 kwa dola. Ni kama Sh1,375,000. Ongeza ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18. Unafika Sh2,028,000 hivi, kabla ya usafiri, tozo nyingine ndogo na faida ya muuzaji. Wafanyabiashara wengi huchukua mzigo Dubai kwa bei tofauti na hesabu zao, lakini picha ni hiyo: kwa bei hiyo, mashine mpya iliyolipiwa kila kitu ilicheza kwenye Sh2 milioni.

Kwa lugha ya Simiyu, hiyo ni pamba nyingi. Ukiweka bei ya Sh1,150 kwa kilo, unahitaji karibu kilo 1,760. Mkulima anayevuna kilo 300 kwa ekari anazungumzia ekari sita, kabla hajatoa hela ya viuadudu na vibarua.

Sasa upande wa mapato. Chukulia banda linatoza Sh500 kwa mechi na mashine moja inapigwa mechi 20 kwa siku. Hiyo ni Sh10,000. Toa pango, umeme, posho ya kijana anayesimamia na akiba ya padi zinazokufa, tuseme inabaki Sh5,000. PS5 ya Sh2 milioni itarudisha hela yake baada ya siku 400 na ushee. Ni zaidi ya miezi 13 bila kufunga hata siku moja.

PS4 ya mtumba ikinunuliwa, kwa mfano, kwa Sh600,000, kwa mapato hayohayo inarudisha hela ndani ya siku 120, yaani miezi minne.

Kila mwenye banda anaweza kubadilisha namba hizi kwa bei za kwake. Swali litakalobaki ni moja: je, mteja aliyezoea kulipa Sh500 kwenye PS4 atalipa Sh1,000 kwa sababu nyasi za uwanja zinaonekana vizuri zaidi? Kama jibu ni hapana, PS5 haijaongeza mapato, imeongeza deni tu.

Umeme, ambao wengi wanauogopa, si mzigo mkubwa hapa. PS5 ikicheza inakula karibu wati 200. Ukiongeza TV ya wati 50, saa 10 za kazi ni uniti 2.5. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1, uniti ni Sh292 kabla ya VAT na tozo za EWURA na REA. Jumla yake haifiki Sh900 kwa siku. PS4 nyembamba ingetumia kama Sh530. Tofauti yao ni chini ya bei ya mechi moja.

Kinachoumiza ni umeme kukatika ghafla mashine ikiwa inaandika kwenye diski, na vumbi la kiangazi linaloziba feni. Hayo yanaua mashine ya Sh2 milioni kama yanavyoua ya Sh600,000.

Padi na CD

Kuna gharama mbili ambazo hazionekani kwenye boksi.

Ya kwanza ni padi. Padi ya PS4 inaweza kuunganishwa na PS5, lakini inacheza gemu za PS4 tu. Ukitaka gemu za PS5 zenyewe lazima uwe na DualSense, ambayo ilitoka kwa dola 69.99 kwa moja. Banda linahitaji angalau mbili kwa kila mashine, na yeyote aliyewahi kusimamia banda anajua padi inavyoteswa mechi ikienda kwenye penalti.

Ya pili ni CD. Kwa banda, CD ya gemu ni mali. Inanunuliwa, inabadilishwa na banda la jirani, inauzwa msimu ukiisha. PS5 yenye sehemu ya CD bado inaruhusu hilo, na inapokea hata CD za PS4. Lakini matoleo ya Digital na Pro hayana sehemu hiyo. PS5 nyembamba zilizoanza kutoka Novemba 2023 zina sehemu ya CD inayochomolewa, na ukiinunua peke yake ili kuifunga lazima mashine iunganishwe kwanza na intaneti ndipo iikubali.

Bila CD kinachobaki ni kupakua. Gemu kubwa la siku hizi linaweza kufika GB 50 hadi 100. Kijana akipata bando kwa Sh2,000 kwa GB moja, gemu la GB 50 linamla Sh100,000 za bando tu, mbali na bei ya gemu lenyewe.

Halafu kuna suala la akaunti. Duka la PlayStation mtandaoni halina tawi la Tanzania. Barani Afrika, kusini mwa Sahara, ni Afrika Kusini pekee iliyomo kwenye orodha rasmi. Mtanzania anafungua akaunti kwa kujaza nchi nyingine na kununua kadi za zawadi za nchi hiyo. Mambo yanakwenda, mpaka siku yatakapokataa. Mei 2024 gemu la Helldivers 2 liliondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 ambako huduma ya mtandao ya PlayStation haipo rasmi, baada ya Sony kutaka wachezaji wa kompyuta wawe na akaunti yake. Sony walirudi nyuma kwenye sharti la akaunti baada ya wachezaji kupiga kelele, ila funzo limebaki: mteja wa nchi isiyo kwenye orodha hana wa kumlilia.

Serikali inaiona PS kama mwanasesere

Kwenye jedwali la ushuru wa forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki, mashine za gemu ziko sura ya 95, pamoja na vinyago, michezo na vifaa vyake. Kiwango cha kawaida cha bidhaa iliyokamilika ya aina hiyo ni asilimia 25. Kompyuta ziko sura ya 84, na ushuru wake wa forodha ni asilimia sifuri.

Ndani ya boksi, PS5 na kompyuta ni karibu kitu kimoja. Zote zina chipu, RAM, diski na feni, na chipu ya PS5 imebuniwa na AMD, kampuni ileile inayouza chipu za kompyuta. Ila moja ikifika bandarini inahesabiwa ni ya kuchezea na nyingine ni ya kazi.

Mgawanyo huo unaendelea mpaka halmashauri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo ilisimamishwa 2023 na kurejea katika mwaka wa fedha 2024/25, inatenga asilimia 4 kwa vijana. Kikundi kikiandika andiko la kuomba fedha za steshenari yenye kompyuta tatu, afisa maendeleo ya jamii anaelewa mara moja. Kikiandika "banda la gemu", maelezo yatakuwa marefu.

Sehemu ya tatizo ni neno lenyewe. Mtaani "gemu" linachanganywa na mashine za kamari za sarafu na kubeti. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, inashughulikia kamari. Banda ambalo mteja analipia mechi au muda ni kitu kingine, hadi pale wachezaji wanapoanza kuwekeana dau. Mzazi anayemkuta mtoto wa darasa la sita bandani saa nne asubuhi hatasimama kuuliza tofauti hiyo, na ana haki ya kukasirika. Banda linalopokea watoto wenye sare muda wa masomo linajitafutia kufungiwa, hata liwe na mashine gani.

Kompyuta: faida

Hapa ndipo ushindani wa PS na kompyuta unapogusa Bariadi, kwa namna tofauti na unavyozungumzwa Ulaya au Marekani. Huko mjadala ni nani ana picha kali zaidi. Huku swali ni mashine gani inaingiza hela saa tatu asubuhi.

Banda la PS lina saa zilizokufa. Asubuhi wanafunzi wako shule, watu wazima wako kazini au shambani. TV zimezimwa na pango linahesabika. Kompyuta saa hizo inaweza kuchapa barua, kutoa kopi, kujaza maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, kuombea mkopo wa HESLB, au kumsaidia mfanyabiashara kuomba leseni kwenye mfumo wa TAUSI. Jioni unachomeka padi mbili na mechi zinaanza.

Padi nazo ni rahisi. Kompyuta inapokea padi za USB za bei ya chini, za PS3, za PS4, karibu za aina yoyote. RAM ikifa unabadilisha RAM. Diski ikifa unabadilisha diski. Si lazima mashine nzima ipandishwe basi kwenda kwa fundi wa Mwanza.

Mzigo wa kompyuta za mtumba nao una sababu ya kuongezeka. Microsoft waliacha kuhudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu mpya kiasi na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, hivyo ofisi nyingi za nje zina kompyuta nzima kabisa ambazo hazikidhi masharti. Mashine za namna hiyo ndizo zinazoishia kwenye makontena ya mtumba.

Kwa gemu, kompyuta ya ofisi ya zamani isiyo na kadi ya grafiki inacheza GTA San Andreas ya mwaka 2004 bila shida. PES 2013 na PES 2017 zinajulikana kwa wepesi wake, na mashabiki duniani wamekuwa wakizitengenezea vikosi vipya kila msimu. Konami wenyewe walibadilisha PES kuwa eFootball mwaka 2021 na kuitoa bure, na iko Steam. Banda linaweza kuwa na mpira wa kisasa bila kununua CD kila Septemba.

Makampuni makubwa yenyewe yameulegeza ukuta. Tangu 2020 Sony wamekuwa wakitoa baadhi ya gemu zao kubwa kwenye kompyuta, wakianza na Horizon Zero Dawn. Microsoft wametangaza kupeleka hata Halo kwenye PlayStation. Kufungiwa kwenye mashine moja kwa ajili ya gemu moja si lazima kama zamani.

Kompyuta: mtego

Lakini anayesema kompyuta ni jibu rahisi hajakaa bandani.

Kwanza, PS ni washa na cheza. Kompyuta ina virusi, ina madirisha ya kusasisha yanayofunguka dakika ya 88, ina mteja anayefuta faili bila kujua. Inahitaji mtu anayeijua kidogo.

Pili, kompyuta ya ofisi haichezi FC 26 wala gemu kali mpaka iongezwe kadi ya grafiki, na nyingi zina pawasapulai dogo na boksi jembamba lisilopokea kadi kubwa. Anayenunua bila kuuliza hilo anaweza kujikuta amenunua mara mbili. Na kupanda kwa bei ya RAM kunakopandisha PS kunaigusa kompyuta pia. Mashine ya mtumba yenye GB 8 za RAM tayari ndani ni dili bora kuliko yenye GB 4 "utaongeza baadaye".

Tatu, kuna GTA VI. Rockstar walitangaza Novemba 2025 kwamba gemu hilo litatoka tarehe 19 Novemba 2026, na mashine zilizotajwa ni PS5 na Xbox Series X na S tu. Kompyuta haimo. GTA V ilitoka Septemba 2013 na kufika kwenye kompyuta Aprili 2015, miezi 19 baadaye. Ikiwa historia itajirudia, banda lenye PS5 litakuwa na kitu ambacho banda la kompyuta halina kwa zaidi ya mwaka, na PS4 haitakuwa nacho kabisa.

Nne, mazoea. Mpira wa watu wawili kwenye TV kubwa, washikaji nyuma wakipiga kelele, aliyefungwa anampisha mwingine: hiyo ndiyo biashara yenyewe. Kompyuta lazima iunganishwe na TV na kuwekwa vilevile. Skrini ndogo mezani inageuza banda kuwa ofisi, na vijana hawalipi Sh500 kukaa ofisini.

Mshindani mwingine yuko mfukoni

Wakati PS na kompyuta zinashindana, wateja wengi tayari wanachezea simu. Kampuni ya Carry1st ya Afrika Kusini, kwa kushirikiana na Newzoo, ilikadiria soko la gemu barani Afrika kuwa dola bilioni 1.8 mwaka 2024, na karibu asilimia 90 ya hiyo ni simu. Sony, kupitia mfuko wake wa uwekezaji, waliweka fedha ndani ya Carry1st Januari 2024. Wenye PlayStation wenyewe wanajua Mwafrika anachezea wapi.

Simiyu haina tofauti. Faili za PES za kuchezea kwenye programu ya PPSSPP, zikiwa na jezi za Simba na Yanga, zinarushwa WhatsApp na YouTube. Kijana mwenye simu ya kawaida ana mpira mfukoni, bure, bila foleni.

Maana yake ni kwamba banda haliuzi tena nafasi ya kucheza gemu, kwa sababu nafasi hiyo kila mtu anayo. Linauza upinzani wa ana kwa ana, TV kubwa na sauti. Hilo linalifanya suala la picha za PS5 kuwa dogo zaidi, na suala la kuwa na TV nzuri, viti na padi zisizoteleza kuwa kubwa zaidi.

Kuna mahali ambapo mashine mpya haikwepeki: mashindano. Kenya imeonyesha kwamba gemu linaweza kuwa kazi. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa uchezaji wake wa Tekken. Lakini Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, haiko PS4. Iko PS5, Xbox mpya na kompyuta. Kijana wa Bariadi mwenye kipaji anayefanyia mazoezi PS4 anajifunza mchezo ambao wenzake wameshauacha.

Njia tatu, kwa mtaji uliopo

Kwa hali ilivyo, hesabu zinaelekeza hivi:

- Mwenye PS4 inayofanya kazi: abaki nayo. Hela ya kupanda PS5 aiweke kwenye padi, feni isafishwe, UPS inunuliwe, TV iongezwe. Cha kuangalia kila mwaka ni tangazo moja: EA Sports wakisema toleo jipya la FC halitatoka PS4, ana kama misimu miwili ya kujipanga kabla wateja hawajahama.

- Anayeanza bila kitu: kompyuta ya mtumba yenye steshenari mchana na mpira jioni inabeba hatari ndogo, kwa sababu ina vyanzo viwili vya mapato. Ahakikishe boksi linapokea kadi ya grafiki na RAM haipungui GB 8. Na andiko la mkopo wa halmashauri litasomeka vizuri zaidi.

- Mwenye banda kubwa lenye mashine nne au tano: PS5 moja yenye sehemu ya CD inaweza kuwa na maana kama chambo, hasa GTA VI ikitoka, huku PS4 zikiendelea kuingiza mkate wa kila siku. Kujaza banda zima PS5 kwa bei za sasa ni kujiweka kwenye deni linalosubiri msimu wa pamba.

Msimu huo ndio wa mwisho wa kuwekwa kwenye mizani. Ununuzi wa pamba hufunguliwa kati ya Mei na Juni, na miezi inayofuata ndiyo hela inazunguka Bariadi, Lamadi na Maswa. Kufikia Novemba watu wanarudi shambani na mifuko imekauka. GTA VI imepangwa kutoka mwezi huohuo. Anayetaka kununua mashine kwa ajili yake itabidi aweke hela pembeni tangu Julai, na ahesabu kwamba wateja wake nao watakuwa wamebakiwa na Sh500 zilezile.